Wachuma Uyoga wa Mwezi Mei

Rufin Gawlik alivunjwa taya Jumapili asubuhi katika msitu ulio nyuma ya mji wa Ligocina, na wanaume ishirini na saba waliokuwa naye pale walisema hawakuona kitu. Walikuwa wanachuma uyoga.

Jumatatu asubuhi Inspekta Regina Pytlik alizisoma taarifa zao zote huku akinywa chai. Kila moja ilikuwa na mistari mitatu. Nilikwenda msituni. Nilichuma uyoga. Niliteleza nikaanguka. Wote ishirini na saba waliteleza, wengine wakaangukia jicho, wengine pua, na mmoja aliangukia masikio yote mawili kwa mpigo.

"Mwezi Mei hakuna uyoga," alisema Inspekta.

"Niliwaambia hivyo hivyo, mkuu," alijibu Sajenti Teodor Grzonka, mzee wa kituo aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. "Mmoja akaniambia ndiyo maana hawakupata hata mmoja."

Ligocina nzima ilijua kinachofanyika msituni. Mji una timu mbili za mpira, Kilof ya wachimba makaa na Semafor ya watu wa reli, na kila timu ina vijana wake wa ngumi, ingawa wengi wa hao vijana wameshaanza kuota vipara. Uwanjani waliacha kupigana zamani, maana uwanjani kuna kamera na askari. Siku hizi wanapatana. Wakuu wa pande mbili wanapigiana simu, wanataja mahali na idadi. Watu wawe sawa huku na huku. Mikono mitupu, viatu vyepesi, kinga ya meno mdomoni. Aliyelala chini haguswi. Anayesema na polisi jina lake limekufa, hata mtoto wake hataitwa kucheza. Wakimaliza wanashikana mikono, kila mtu anarudi kwake kula chakula cha mchana cha Jumapili kama aliyetoka kanisani.

Safari hii mambo yalikwenda kombo. Rufin, ambaye ni Kilof tangu kitovu chake kikauke, alifikishwa hospitali ndani ya gari la mizigo, kifua wazi, kichwa kwenye mapaja ya mtu wa Semafor na miguu kwenye mapaja ya mtu wa Kilof. Daktari alipoliona lile jeraha alisema hii si ngumi tupu, kuna chuma hapa. Akapiga simu. Askari wakafunga barabara ya msituni na kuwazoa wengine wote wakiwa bado wanatafuta viatu vyao.

Kwenye buti ya gari la Ginter Szymik, mkuu wa Semafor, walikuta spana ya reli yenye uzito wa kuku mzima. Ilikuwa na damu.

Hapo mwendesha mashtaka akaona kesi imekwisha. Alimpigia Inspekta simu kabla hata chai haijapoa. Kilof walikuwa kumi na watano, alisema, ukimhesabu na Rufin mwenyewe. Semafor kumi na watatu. Ginter kazidiwa watu wawili, kaona aibu mbele ya vijana wake, kachomoa spana kusawazisha. Kesho saa sita mchana muda wa kumshikilia unaisha, na saa hiyo atamwombea rumande kwa shtaka la kujeruhi kwa silaha. Inspekta alijua maana yake. Kwa kupigana tu, Ginter angepewa kifungo cha nje na kukemewa na hakimu. Kwa ile spana angelala ndani miaka, na angetoka mzee.

Akaagiza aletwe.

Ginter alikuwa mrefu, karibu arobaini, na pua yake ilikuwa imevimba ikawa kama kiazi. Kazi yake ilikuwa kuendesha treni ya asubuhi, ile inayopeleka nusu ya mji kazini. Leo ilikuwa imechelewa, na nusu ya mji ilikuwa imemtukana bila kujua yuko wapi.

"Bwana Szymik, uyoga ulikuwa mwingi?"

"Wa kutosha, mama."

"Spana ni ya kuchimbia?"

"Iko kwenye buti mwaka mzima. Mimi ni mtu wa reli. Kinyozi akiwa na mkasi garini mnamkamata?"

"Ina damu."

"Ya pua hii unayoiona. Niliinama kutafuta kitambaa."

Inspekta alisukuma makaratasi pembeni. Alikuwa amelinda uwanja miaka kumi kabla ya kuletwa upelelezi, na bega lake la kushoto bado lilimkumbusha kila mvua ikinyesha kwamba siku moja lilipigwa na kiti cha jukwaani. Tangu hawa watu wahamie msituni hakuna kiti kilichoruka. Hilo hakuliandika popote, ila alilijua.

"Tuuache uyoga," alisema. "Tuseme, kwa mfano tu, kuna watu wanaopatana wakapigane."

Ginter alifikiri. Akaona mfano hauna ubaya.

"Kwa mfano tu," alisema, "watu wazima wanakwenda mahali pasipo na mtoto wala kioo cha dirisha. Kila mmoja kaja kwa miguu yake. Wanapigana dakika chache, wanashikana mikono, basi. Nani kalia? Mabondia wanafanya yale yale na nyinyi mnakata tiketi."

"Bondia ana mwamuzi."

"Bondia akianguka anahesabiwa ainuke apigwe tena. Kwa hawa watu wa mfano, aliyeanguka kapumzika. Nani ana roho mbaya hapo?"

"Sheria ya nchi haijali kwamba mlipatana. Kupigana kwa makundi ni kosa, hata mkitumiana maua kwanza."

"Basi sheria ituambie tukapigane wapi. Stesheni, mbele ya bibi zetu na vikapu vyao? Kuacha hatutaacha. Mkitufukuza msituni tutarudi mjini. Hapo sasa ndipo mtaona chuma."

"Nimekiona jana."

"Hukukiona kwetu."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Inspekta akageuza swali. Alimwuliza, bado kwa mfano, ikitokea watu kumi na watano wakapigana na kumi na watatu inakuwaje. Ginter alicheka, na kicheko kikamuumiza pua.

"Haiwezekani hiyo. Hata kwa mfano haiwezekani."

Halafu akagundua amesema zaidi ya alivyotaka. Akafunga mdomo, akaomba arudishwe mahabusu. Inspekta alimtazama akitoka. Jela ilikuwa inamkodolea macho mtu huyu, lakini kilichomkera Inspekta ni ile hesabu ya kumi na watano kwa kumi na watatu.

Hospitalini Daktari Hajduk alimpokea akiwa bado na hasira za Jumapili. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono midogo, na alieleza kwa kirefu jinsi alivyoitwa akiwa amekwisha pakua, rolada ya nyama iko sahanini, kabichi nyekundu pembeni, wageni wamekaa.

"Wanasema walikubaliana," alisema. "Vizuri. Mimi nani aliniuliza? Nimesimama mchana kutwa nafunga taya kwa waya. Siku nyingine wakipatana waniletee na mimi niweke sahihi, nitawaambia Jumapili sipo."

Inspekta aliomba kuona picha za jeraha. Taya lilikuwa limevunjika upande wa kushoto, mahali pawili. Juu yake, shavuni, kulikuwa na mchano mfupi, mwembamba, ulionyooka kama uliochorwa.

"Spana ya reli?"

"Spana ingembomoa uso wote. Hiki ni kitu kidogo. Na tazama." Daktari alimwonyesha kichupa. Ndani ya jeraha alikuwa ametoa vipande vya plasta, ile nyeupe ya kitambaa inayofungwa kidonda, na gundi yake.

Inspekta aliwaza chuma cha vidole, kile wahuni wanachovaa, kilichofungwa plasta kisiteleze. Hilo lingemfunga Ginter vizuri kuliko spana. Lakini chuma cha vidole kina vichwa vinne, daktari alisema, na kingeacha alama nne. Hapa ilikuwa moja.

"Kuna kingine?"

"Kucha zake. Zilijaa nyuzi. Nyeusi zote."

Inspekta aliandika hilo na kulipigia mstari. Kisha akaingia wodini.

Rufin alikuwa amelala chali, kichwa kimefungwa kama yai la Pasaka. Inspekta alimweleza kwamba kesho Ginter anakwenda rumande kwa ajili yake. Je, Ginter ndiye aliyempiga? Rufin alitikisa kichwa kukataa, akatikisa tena mpaka machozi ya maumivu yakamtoka. Nani basi? Rufin alifumba macho akajifanya amelala. Alijaribu hata kukoroma, lakini kwa ule waya sauti ilitoka kama birika linalochemka, na mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka mpaka nesi akaja.

Kwenye ukumbi, mbele ya wodi ya wazazi, Inspekta alikutana na watu wawili aliowafahamu. Bruno na Emil Kocur walikuwa ndugu, na miaka yote ya uwanjani alipokuwa Ginter walikuwepo wao, mmoja kulia na mmoja kushoto. Leo Bruno alikuwa na shada la maua. Wote wawili nyuso zao zilikuwa safi kama za makatekista.

"Hamkwenda kuchuma uyoga Jumapili?" aliuliza Inspekta.

Bruno alisema mtoto alikuja kabla ya siku zake. Msichana. Alfajiri ya Jumapili mke alianza kulia, na yeye akashindwa hata kutia ufunguo garini kwa kutetemeka, ikabidi Emil aendeshe.

"Wewe, Bruno Kocur, ukatetemeka?"

"Afande, na wewe ungetetemeka. Alinishika hapa kooni kutoka nyumbani mpaka mapokezi. Mtu wa Kilof hajawahi kunikaba vile."

Inspekta alimpa hongera, akaulizia jina la mtoto, akaulizia uzito wake. Bruno alijibu yote kwa furaha, na alipoulizwa kama Ginter alipata taarifa kwamba hawataenda, alijibu hilo nalo kwa furaha ile ile. Walimpigia simu. Aliwaambia wasijali, atapatana na wale wengine.

"Apatane nini?"

Bruno alianza kuyachunguza maua yake, moja moja. Emil alikumbuka gari limeegeshwa vibaya.

Kituoni Inspekta aliomba mfuko wa fulana zilizokusanywa msituni. Sajenti Grzonka alikuwa ameshahesabu: fulana nyeusi kumi na nne za Kilof, nyeupe kumi na nne za Semafor. Hakuona la ajabu. Alidhani ile nyeupe moja ni ya akiba, na kwamba mmoja wa Kilof aliitupa yake.

Inspekta alizitandaza zote sakafuni, nyeupe huku, nyeusi kule. Kumi na tatu kati ya zile nyeupe zilikuwa na jasho na matope. Ya kumi na nne ilikuwa na jasho, matope, na damu kifuani kutoka shingoni mpaka tumboni.

"Ya akiba haitoki jasho, Teodor."

"Hapana, mkuu."

"Semafor walioletwa hapa ni kumi na watatu. Nani alivaa hii?"

Sajenti alikuna kichwa. Inspekta hakumwacha ateseke. Ndugu wa Kocur hawakufika, alisema, kwa hiyo Semafor wakawa kumi na watatu mbele ya kumi na watano. Hawa watu hawapigani hivyo, wangeona aibu mpaka kaburini. Wangeweza kuwakalisha wawili wa Kilof pembeni, lakini nani akubali, amefanya mazoezi majira yote ya baridi, aje akae chini ya mti kutunza makoti? Kuna njia nyepesi zaidi. Unamtoa mmoja huku unamvisha fulana ya kule. Kumi na wanne kwa kumi na wanne, na kila mtu kapata kazi.

"Wakamwazima Rufin," alisema Sajenti polepole. Yeye mwenyewe alikuwa Kilof, na skafu yake ilikuwa kabatini nyuma ya kofia. Habari hii ilimwingia vibaya.

"Ndiyo maana aliletwa kifua wazi. Walimvua asionekane hospitali na nguo ya wapinzani. Na nyuzi za kwenye kucha ni nyeusi. Alikuwa anararua fulana za wenzake."

"Kwa hiyo aliyemvunja..."

"Alivaa nyeusi."

Kabla Sajenti hajalimeza hilo, simu ya maabara ililia. Damu ya kwenye spana ilikuwa ya kundi la Ginter. Haikuwa ya Rufin.

Mwendesha mashtaka hakutikisika. Aliambiwa kwa simu, akasema fulana si ushahidi, mtu anaweza kuvaa anachotaka, na chuma kingine kinaweza kuwa kimetupwa msituni. Aletewe mkono uliopiga, ndipo atalifuta shtaka la silaha. Vinginevyo kesho saa sita ni saa sita.

Alasiri watu wa Kilof walikuja kuripoti kama walivyoamriwa walipoachiwa Jumapili. Inspekta aliwaketisha kwenye meza ndefu na kuwaambia waweke mikono juu, viganja chini. Walikuwa kumi na watatu. Wa kumi na nne, Alojz Brzoza, alikuwa ametuma salamu kwamba anaumwa tumbo.

Inspekta alipita nyuma yao taratibu. Vidole vilikuwa vimechubuka vyote, hilo halikuwa jipya. Alichotafuta kilikuwa kwenye mkono wa kulia, kidole ambacho pete ya ndoa hukaa kwa desturi ya huku. Wengi walikuwa na mstari mweupe pale, na pete haipo.

"Wewe," alimwambia jitu moja lenye ndevu nyekundu, wanaloliita Zeflik. "Pete iko wapi?"

"Nyumbani, afande. Ndani ya kikombe."

"Kwa nini?"

"Si lazima tuvue. Ni sheria."

"Sheria ya kuchuma uyoga?"

Jirani wa Zeflik alifumba macho kama mtu anayesikia breki za gari. Zeflik alijifuta jasho, kisha akasema kwamba uyoga wa huku una utelezi sana.

Inspekta aliwaruhusu wote waende. Alimwuliza Sajenti kama anamfahamu Alojz Brzoza, na Sajenti alimfahamu vizuri, maana alikula karamu ya harusi yake kwa namna ya huku, yaani siku mbili mfululizo bila kulala. Alojz alioa baada ya Pasaka. Alimwoa Łucja Gawlik.

"Gawlik?"

"Dada yake Rufin, mkuu."

Walikwenda kwa miguu. Brzoza aliishi kwenye nyumba za matofali mekundu karibu na mgodi, na Łucja ndiye aliyefungua mlango, mwanamke mwembamba mwenye mwiko mkononi. Nyumba ilinuka supu. Ni ya kaka yake, alieleza, ameisaga laini apate kuinywa kwa mrija. Mume wake yuko juu kwa njiwa zake. Tumbo? Tumbo halina kitu. Ameumia mkono, ameangukia toroli.

"Lini?"

"Jumapili. Si walikwenda huko kwenye uyoga wao." Łucja hakuwa mjinga. "Nilimwambia nenda, umri wako unakuruhusu kuwa mpumbavu. Ila kitu kimoja nilimwambia. Hii pete nimekuvalisha mbele ya padri. Siku ikitoka kidoleni, na wewe utoke hapa ndani. Nimechoka na wanaume wa mtaa huu wanaoweka ndoa zao kwenye vikombe kila Jumapili."

Inspekta na Sajenti walitazamana. Wakapanda ngazi ya dari.

Alojz Brzoza alikuwa ameketi katikati ya njiwa, mkono wa kulia ndani ya ndoo ya maji baridi. Alikuwa mpana, mwenye uso wa mtoto aliyeongezwa ukubwa. Alipowaona alijaribu kusimama bila kuutoa mkono ndooni, na njiwa wote wakaruka.

"Tumbo linaendeleaje?" aliuliza Inspekta.

"Afadhali, mama."

"Toa mkono."

Kidole kilikuwa kimevimba kama soseji na kimeanza kuwa cha buluu. Pete ilikuwa imezama ndani ya nyama, na kuzunguka pete, kwenye ngozi, kulikuwa bado na uchafu mweusi wa gundi ya plasta.

Alojz aliyasema yote, na aliyasema haraka kama anayetapika. Asubuhi ile alijua kwamba pete hairuhusiwi. Alipaswa kuivua, au amwambie mkuu wake kwamba leo atakaa pembeni. Kuivua aliogopa, kukaa pembeni aliona haya. Akaifunga plasta, akanyamaza. Halafu wale wa Semafor wakaja pungufu, Rufin akaazimwa, na Rufin akakubali vizuri tu.

"Ukiazimwa unapigana kweli," alisema. "Ukitegea ni tusi kwao na kwetu. Na yeye alipigana, afande. Alimlaza Zeflik, akamlaza na Hanek, wenzake wa utotoni. Mimi nilikuwa nimebanwa na mwingine, sikuona sura, niliona fulana nyeupe tu inatumaliza. Nikasema huyu ana nini leo? Nikamtandika kutoka ubavuni. Alipogeuka akianguka ndipo nikaona ni shemeji."

"Ginter aliona?"

"Aliona. Wa kwanza kumwinua alikuwa yeye. Aliitazama pete, akanitazama mimi. Hakusema neno."

"Na kesho anakwenda rumande kwa ajili ya chuma chako."

"Nilikuwa nataka kuja kusema."

"Lini?"

Alojz aliwatazama njiwa waliokuwa wanarudi mmoja mmoja. Kisha akasogea karibu na kushusha sauti.

"Afande, nifunge. Nifunge leo, andika lolote nitatia sahihi. Ila nakuomba, usimwambie Łucja."

"Łucja amesikia," ilisema sauti kutoka kwenye ngazi.

Kichwa chake kilikuwa kimetokeza kwenye mlango wa dari, mwiko bado mkononi. Alipanda mpaka juu bila haraka. Sajenti Grzonka, ambaye aliwahi kumkabili mlevi mwenye shoka, alijisogeza pembeni. Łucja alimshika mume wake mkono, akaugeuza kwenye mwanga, akakitazama kile kidole kwa muda.

"Kinachokatwa ni kidole au pete?" alimwuliza Inspekta.

"Mkiwahi hospitali sasa hivi, pete."

"Ikatwe. Kidole nina kazi nacho." Akamgeukia Alojz. "Ukitoka hapo unakwenda wodini kwa kaka yangu. Unapiga magoti. Supu hii unamnywesha wewe, mpaka iishe, na kesho unarudi na nyingine, na keshokutwa, mpaka atakapoweza kutafuna. Halafu ndipo tutazungumza kuhusu wapi unalala."

"Ndiyo, Łucja."

"Na usimwite shemeji mpaka akuruhusu."

Daktari Hajduk aliikata pete jioni ile ile, akaipiga picha pembeni ya jeraha, na ukingo wake ukakaa kwenye mchano kama kifuniko kwenye chupa. Rufin aliposomewa maelezo ya Alojz hakukana. Alinyoosha mkono akaomba supu.

Jumanne, kabla ya saa sita, mwendesha mashtaka alilifuta shtaka la silaha. Alilifuta bila kuomba radhi, na akasisitiza kwamba la kupigana linabaki, kwa wote ishirini na wanane, aliyevunjwa na waliovunja.

Inspekta mwenyewe alimfungulia Ginter mlango wa mahabusu na kumrudishia mkanda na kamba za viatu. Ginter alianza kuvifunga taratibu. Swali lake la kwanza lilikuwa nani kasema.

"Hakuna aliyesema. Nilikiona kidole."

Ginter aliitikia kwa kichwa. Ilionekana kumpunguzia mzigo.

"Ungeniambia jana kwamba aliazimwa," alisema Inspekta, "ungelala kwako."

"Ningekuambia, mama, nani angeniamini tena? Wanakuja mikono mitupu kwa sababu wanajua nikisema kitu ndicho. Siku neno langu likioza, watakuja na mapanga. Hapo ungependa?"

"Nisingependa. Wala hili silipendi."

"Tulikubaliana, lakini."

"Najua. Nimeandika hivyo hivyo kwenye jalada, kwamba mlikubaliana. Na nimeandika mwanamume mmoja alikubali akiwa amewaficha chuma wenzake kwa kumwogopa mke. Sasa niambie wewe, hakimu aruhusu nini hasa? Ataandika kibali, halafu atahakikishaje kwamba kila mmoja kavua pete?"

Ginter alimaliza kufunga kiatu cha pili, akasimama. Alimpa Inspekta mkono, kama wanavyofanya wakimaliza, naye Inspekta akaupokea.

Hakimu alisikiliza kesi yao mwezi uliofuata na hakuwaonea, wala hakuwapendelea. Rufin alipoteza meno matatu na akala kwa mrija mpaka katikati ya Julai. Alojz alibaki na kidole kisichokunjika, akalala jikoni wiki tatu. Pande zote mbili zilikatazwa kuingia uwanjani miaka miwili, kwa hiyo Semafor na Kilof walipokutana vuli ile, wanaume ishirini na wanane waliozipenda timu hizo kuliko wote walisikiliza mechi redioni. Ginter reli hawakumfukuza. Walimtoa kwenye chumba cha dereva wakampeleka yadi kuunganisha mabehewa. Meno matatu, kidole kimoja, miaka miwili ya mpira, na treni ya asubuhi ikapewa dereva mwingine.